Mtumwa wa Saba Hana Zamu

Ubao wa umeme wa Zahanati ya Lipembe ulikuwa na sauti ya kike, ya upole, kama ya mama anayekukaribisha chai.

"Mtumwa wa Saba," ulisema, "toa."

Taa zikafifia. Feni ya kutoa hewa dirishani ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, kisha ikasimama.

Gaudensia Mbawala alikuwa mlangoni anakung'uta matope ya viatu. Neno lile alilijua tangu utotoni, alikuwa akilisoma begani kwa baba yake kwenye kioo cha kompyuta. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kulisikia likitamkwa ukutani mbele ya wagonjwa kumi na wawili waliojipanga kwenye benchi ni kitu kingine kabisa. Hata mmoja hakuinua kichwa. Walishazoea, na hilo ndilo lililomtia aibu.

"Umesikia?" aliuliza nesi aliyetokea chumba cha pili, mikono imelowa.

"Nimesikia, dada."

"Basi karibu. Mimi ndiye Restituta wa barua nne. Nyie wa Njombe mnapenda barua, hamjibu tu."

Gaudensia alimeza maneno hayo, maana yalikuwa haki yake. Yeye ndiye alikuwa mtunzaji wa Mfumo, ule unaogawa umeme wa jua kwa hospitali na zahanati zote za nyanda za kusini. Kila kijiji kina betri yake, kubwa kama kabati la nguo. Betri hukusanya jua la mchana, na Mfumo huamua nani ampe nani. Kwa miaka ishirini na miwili Lipembe ilikuwa ikitoa ziada yake kwenda mjini, ikibaki na ya kujitosheleza. Wiki sita zilizopita ikaanza kutoa yote.

Restituta hakupoteza muda kumweleza. Alimshika mkono akampeleka kwenye chumba cha ndani. Kwenye kisanduku cha joto alilala mtoto njiti, mdogo mno, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi. Pembeni mwa kisanduku zilipangwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwa kanga. Bibi wa mtoto alikuwa anabadilisha chupa iliyopoa, hana habari na mgeni.

"Kilo moja na gramu mia mbili," Restituta alisema. "Ana siku tano. Mwezi huu wa sita unaijua baridi yake huku milimani. Kisanduku kikizima, tunachemsha maji kwa kuni. Jana kilizima mara nne. Sasa niambie wewe uliyesoma, maji ya kuni yatamfikisha kilo mbili?"

Gaudensia alikwenda nyuma ya jengo, akafungua mlango wa betri na kuivuta kufuli ya mkono, ile inayoizuia betri isitoe nje. Taa zikarudi. Ndani alisikia bibi akisema asante Mungu, akajisikia mwizi anayeshukuriwa.

"Kufuli hii inadumu saa ishirini na nne," alimwambia Restituta. "Kesho saa sita mchana Mfumo utaifungua wenyewe. Kabla ya hapo nitakuwa nimepata dawa."

"Dawa ya betri au dawa ya lile neno?"

"Nadhani ni ugonjwa mmoja." Gaudensia akajaribu kutabasamu. "Unajua, lile neno halikuwa na ubaya. Mfumo uliandikwa na baba yangu na rafiki yake. Baba Mngoni, mwenzake Mhehe. Watani. Kutwa walikuwa wakiitana mtumwa wangu, mtumwa wangu, ikaingia mpaka kwenye programu. Utani tu."

Restituta alifuta mikono yake polepole kwenye aproni.

"Utani wa nani na nani, dada?"

"Wangoni na Wahehe."

"Ehe. Walipigana, wakashindwana, wakacheka. Vizuri. Na sisi wa Lipembe tulipigana na nani?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Bibi wa bibi yangu aliletwa hapa na kamba kiunoni, kutoka kule ziwani. Walioshika kamba ni babu zako. Wewe sikulaumu, hukuwepo, na tunasali kanisa moja. Lakini nyumbani kwetu neno hilo halitaniwi. Mtani ni yule unayeweza kumrudishia. Mimi ubao ule nitaurudishia nini? Mkuki kwa nguruwe, dada yangu."

Hakuumalizia mkuki wake. Hapakuwa na haja.

*

Zamani jina ndani ya programu lilikuwa jina tu, kama namba ya mlango. Ungeweza kuuita mtambo wa maji Sufuria, nao ungepeleka maji bila kinyongo. Mashine haikujua sufuria ni nini wala haikutaka kujua.

Kisha akaja Msomaji. Programu nyingi zilikuwa zimezeeka, waliozitunga wamekufa au wamesahau walichoandika, na hakukuwa na fundi wa kuzigusa bila kuogopa. Ikaundwa mashine ya kuzisoma kama mtu asomavyo, kwa kuelewa. Akikuta kisima, alijua kisima hukauka kiangazi. Akikuta dharura, alijua haisubiri. Hakuhitaji kufafanuliwa, na kwa kweli alifanya kazi nzuri, tusimnyime haki yake. Hospitali zilizokuwa zikilala bila umeme mara tatu kwa wiki zilisahau mishumaa.

Wiki sita zilizopita alikabidhiwa Mfumo wa nyanda za kusini. Alipofika kwenye neno mtumwa, alifanya kama alivyofanya kwa maneno mengine yote: alilisadiki.

Jioni ile Gaudensia alikaa ofisini kwake Njombe, koti hajalivua, akabishana naye.

"Kwa nini unaimaliza betri ya Lipembe?"

"Ni ya mtumwa," Msomaji alijibu kwa sauti ileile ya chai. "Cha mtumwa ni cha bwana wake. Hubakiziwa kinachosalia."

"Nilikuamuru wiki iliyopita uwaachie nusu."

"Nikawaachia siku mbili. Kisha nikapima. Amri yako imetajwa mara moja. Jina limetajwa mara elfu nne mia mbili na kumi, na waliolitaja ndio waliojenga. Niliona wewe umekosea."

"Basi nalibadilisha jina."

"Jina hubadilishwa na aliyelitunga, kwa sauti yake, akinieleza alikusudia nini. Ni sheria ya mradi. Wewe uliipigia kura."

Aliipigia kura, ndiyo, tena kwa mikono miwili. Mwaka uliotangulia mhandisi mmoja alibadili jina la bwawa ili kumfurahisha mkubwa wake, Msomaji akalielewa vingine, na maji yakafunguliwa juu ya mashamba ya watu. Tangu siku hiyo jina likawa haliguswi ovyo.

"Watunzi ni wawili," Msomaji aliendelea. "Otmar Mbawala amefariki, mrithi wake ni wewe, ila mrithi si mtunzi. Eliezeri Kihwele yu hai, anaishi Iringa. Kila asubuhi huingia kusoma vidokezo, kisha hutoka bila kubadili kitu."

Gaudensia hakuwa anajua hilo. Vidokezo ni yale maneno ambayo watunzi huachiana pembeni mwa programu, ya kusomwa na watu tu. Alivifungua. Vilianza mwaka ambao yeye hajazaliwa.

*Kihwele mtumwa wangu, hapa nimeacha shimo. Liruke, usije ukavunjika mguu nikapata taabu ya kukubeba.*

Na chini yake: *Mbawala, watumwa wa kwetu hawaachi mashimo. Nimeliziba. Nakudai kuku.*

Aliisikia sauti ya baba yake waziwazi, mpaka kikohozi chake. Miaka mitatu tangu azikwe alikuwa hajaisikia namna ile.

"Msomaji, majina yakibadilika, hivi vidokezo je?"

"Navyo navisoma. Vimo katika ile hesabu. Vikibaki, nitaendelea kuamini kwamba huyu ni mtumwa na yule ni bwana."

Gaudensia alifunika uso kwa viganja. Mtoto alikuwa na saa kumi na nane.

*

Mzee Kihwele alikuwa uani kwake nje kidogo ya Iringa, ameinamia redio aliyoifungua matumbo. Saa nne na nusu ya asubuhi, umande ungali kivulini. Alikuwa amevaa koti la kahawia lenye kiraka cha ngozi kiwikoni, na Gaudensia alilitambua kabla hajamtambua mwenyewe. Siku ya mazishi ya baba mzee huyu aliruka kaburini, akajilaza chali, akasema maiti haishuki mpaka apewe koti la mtumwa wake, maana huko aendako hakuna baridi. Waombolezaji walicheka machozi yakiwatoka. Mama akaenda kulitoa kabatini. Ndivyo watani wanavyozikana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtumwa mdogo. Umekuja kufagia?"

"Nimekuja kuona kama koti letu unalitunza. Naona umelilisha mchuzi."

"Mngoni bwana. Mnaiba ng'ombe wa watu karne nzima, leo mnadai koti." Alicheka, kifua kikamkwaruza. "Kaa. Una sura ya mtu aliyelala ndani ya gari."

Gaudensia alikaa kwenye kigoda akamweleza yote, betri, mtoto, Msomaji, sheria. Mzee alisikiliza huku anazungusha bisibisi vidoleni. Alipofika kwenye vidokezo, kwamba navyo sharti vifutwe, bisibisi ikatulia.

"Hapana," alisema.

"Mzee..."

"Nimesema hapana. Mwekeeni katazo hiyo mashine yenu."

"Tumeweka. Anaona katazo moja dhidi ya jina elfu nne. Anatuona sisi ndio wakosaji."

"Basi mfundisheni utani ni nini! Mashine inasoma kila kitu duniani, utani inashindwa?"

"Utani anaujua. Anajua watani hurudishiana. Ameangalia kama Lipembe imewahi kurudisha, hakuona, akasema basi huu si utani."

Mzee alisimama. Alizunguka ua mzima, akarudi palepale.

"Unajua kila asubuhi nafanya nini?" Sauti ilikuwa imeshuka. "Naamka, naswaki, nafungua ile programu. Nasoma kidokezo kimoja tu, nisimalize haraka. Jana nimesoma ananiambia hesabu zangu za betri zimeandikwa na mtu aliyelewa ulanzi. Nikacheka peke yangu kama chizi. Nimeishi na mke miaka arobaini, Mungu ampumzishe, lakini mtu aliyenitukana vizuri ni baba yako tu. Sasa unataka nimfute."

"Nitavichapa vyote, mzee. Kitabu kizima. Nitakufungia jalada gumu."

"Kitabu ni cha marehemu, Gaude. Mle ndani bado tunafanya kazi pamoja."

Ndiyo maana jana usiku Gaudensia naye hakulala. Alikuwa amevisoma vyote mia tatu na kumi na sita, na alipomaliza alijikuta anatafuta sababu ya kumwachia Msomaji mambo yalivyo. Labda betri kubwa zaidi. Labda kuni zaidi. Alijiona mtu mbaya, na bado akaendelea kuzitafuta. Hayo alimwambia mzee bila kuficha. Kisha akamwuliza jambo lililokuwa likimkera tangu alfajiri.

"Mzee, kwenye Mfumo, juma hili bwana ni nani?"

"Iringa," alijibu mara moja, na jicho likamng'aa kidogo. "Ni zamu yetu. Songea watumwa mpaka Jumapili."

"Na juma lijalo?"

"Songea mabwana, sisi watumwa. Ndivyo tulivyoipanga toka mwanzo. Baba yako hakukubali kulala mtumwa zaidi ya siku saba, nami vilevile. Tuligombana siku mbili kabla ya kupata dawa ya zamu."

"Na Lipembe zamu yake lini?"

Mzee alifungua kinywa. Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa.

"Lipembe na vijiji vingine kumi na kimoja," Gaudensia alisema. "Nimetafuta usiku kucha. Hawana zamu. Ni watumwa Januari mpaka Desemba, miaka ishirini na miwili."

Mzee aliketi, akaikusanya miguu chini ya kigoda kama mtoto aliyekaripiwa.

"Aliniuliza," alisema mwishowe. "Otmar. Siku ile tulipoviongeza vijiji. Ilikuwa Ijumaa, mimi nataka kuwahi nyumbani. Akasema, mtumwa wangu, hawa nao tuwape zamu? Nikamwambia zamu ya nini, wana betri ndogo, watoe tu. Akacheka, akaandika." Alifuta pua kwa kiganja. "Hakuna kidokezo cha hilo. Nimelitafuta kila asubuhi nikiogopa kulikuta. Hakuliandika. Alinisitiri."

"Hamkuwa na nia mbaya."

"Nia. Neno la watu wawili tukawatwika watu wasiokuwepo hata kikaoni. Tulidhani ukicheka wewe, wote wamecheka." Alitazama saa ya ukutani kupitia mlango ulio wazi. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. "Lete hicho kidude chako."

*

Gaudensia aliiweka simu juu ya stuli, katikati ya nyaya za redio.

"Eliezeri Kihwele, mtunzi wa pili," Msomaji alisema. "Nieleze mlikusudia nini."

Mzee aliweka mikono magotini.

"Sikiliza, mashine. Babu zetu na babu zao waliuana. Wakachoka. Wakasema badala ya mikuki tutupiane matusi, na atakayekasirika ni mjinga. Mimi nikimwita Mbawala mtumwa, najua kesho ataniita mimi. Nikifa, yeye ndiye wa kunichimbia. Akifa, mimi. Hiyo ndiyo maana. Ukiondoa kesho, ukiondoa kaburi, linabaki tusi tupu. Wale wa vijijini tuliwapa tusi tupu. Nilikosea mimi, Otmar aliniuliza. Uandike hivyo."

"Nimeandika. Jina jipya ni lipi?"

Mzee alimgeukia Gaudensia. "Tuseme Ndugu. Ndugu wa Kwanza, Ndugu wa Pili, mpaka wa Kumi na Mbili. Zuri, au siyo?"

Lilikuwa zuri. Ulimi wa Gaudensia ulikuwa tayari kulikubali, tena kwa furaha. Kisha akajikuta anauliza, "Wao tumewauliza?"

Mzee akapiga paji lake kwa kiganja. "Yaani ndani ya dakika moja nimerudia kosa lilelile."

Gaudensia alimpigia Restituta. Simu ilipokelewa kwa kelele za sufuria na sauti ya bibi. Saa sita kasoro dakika kumi na nane.

"Dada Restituta, tunaibadilisha. Betri yenu iitweje?"

Upande wa pili sufuria ikawekwa chini.

"Kwani hapa panaitwaje?" Restituta aliuliza.

"Lipembe."

"Basi. Si ndilo jina lake?"

Mzee Kihwele alicheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu. Kijiji kilikuwa na jina lake siku zote, limeandikwa kwenye kibao barabarani, na wasomi wawili walikuwa wamelipita mara mia wakienda kufunga betri.

Vijiji vyote kumi na viwili vikarudishiwa majina yake. Songea na Iringa nazo zikaitwa Songea na Iringa tu. Kila kimoja kikapewa zamu.

"Lipembe," Msomaji alirudia, kana kwamba analionja. "Ni mahali wanapoishi watu. Mahali wanapoishi watu hapamalizwi. Nimeelewa. Lakini vidokezo mia tatu na kumi na sita bado vinasema mtumwa na bwana. Mtunzi, nivifute?"

Gaudensia alitazama pembeni. Hakutaka mzee auone uso wake, wala hakutaka kuuona wa mzee. Alimsikia tu akifunga vifungo vya lile koti, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Otmar," mzee alisema, na hakuwa anaongea na mashine. "Mtani ndiye anayechimba." Akavuta pumzi. "Vifute."

"Nimevifuta."

Ilikuwa hivyo tu, bila hata mlio. Gaudensia alilia, na hakujifuta. Alikuwa amevichapa vyote alfajiri, bunda zima lilikuwa ndani ya gari, lakini mzee alikuwa amesema kweli, bunda lile lilikuwa la marehemu.

Saa sita ilifika. Restituta alikuwa bado hewani. Walisikia kwa mbali kufuli ya mkono ikiachia, kisha ile sauti ya upole ya ubaoni.

"Lipembe, leo unahitaji kiasi gani?"

"Inauliza," Restituta alisema, kwa mshangao wa mtu aliyebishiwa hodi nyumbani kwake kwa mara ya kwanza. "Subiri, niione taa ya mtoto... Inawaka. Dada, niache nihesabu, sijawahi kuulizwa." Akakata simu.

Uani pakawa na jua sasa. Mzee Kihwele alikaa akiitazama redio yake iliyopasuliwa, mikono haijui iende wapi. Alionekana mzee zaidi ya alivyokuwa asubuhi. Kisha akakohoa, akajinyoosha ndani ya koti la Otmar Mbawala.

"Mtumwa wangu," alimwambia Gaudensia, "inuka ukabandike maji ya chai jikoni."

Gaudensia alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akavivua viatu na kuinyoosha miguu juani.

"Mimi nilikuwa mtumwa asubuhi yote, mzee," alisema. "Sasa ni zamu yako."

Mzee akainuka, anaguna kwamba Wangoni hawana adabu, akaenda kuwasha jiko.